Mfumo niliouza unawapotosha wanachama, na mwenyekiti wao ni mama yangu mdogo

BARUA

Shikamoo Mama.

Ninakuandikia saa saba usiku nikiwa nimekaa kitandani. Simu nimeizima kwa sababu sitaki kuona jina la mama yangu mdogo likiwaka tena.

Nina miaka 27, naishi Tabata Kimanga. Mwaka jana mwezi wa tisa niliacha kazi ya kuuza huduma za simu kwa makampuni, nikajiunga na kampuni changa ya akili mnemba yenye ofisi Mikocheni. Tuko 11: saba wanaandika programu, mmoja mhasibu, mmoja yuko mapokezi, halafu bosi na mimi. Kadi yangu inasema Afisa Maendeleo ya Biashara. Kwa vitendo, natafuta wateja, naomba miadi, naonyesha mfumo, naandika andiko, nafuatilia malipo. Nalipwa 900,000 kwa mwezi, na kamisheni ya asilimia 8 mteja akishalipa.

Tunachouza ni msaidizi wa WhatsApp. Mteja wa kampuni anauliza swali kwa Kiswahili usiku au mchana, mfumo unamjibu papo hapo. Nilipouona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Nilimuwaza bibi yangu asiyejua neno la Kiingereza anaiuliza mashine kitu na kujibiwa kwa lugha yake. Niliamini nilichokuwa nauza, Mama, naomba ulijue hilo.

Mteja wangu wa kwanza mkubwa ni SACCOS ya akina mama wafanyabiashara, upande wa Temeke. Wanachama 640. Mwenyekiti wa bodi ni mama yangu mdogo, aliyenilea darasa la tano mpaka la saba. Sikumficha bosi undugu wetu, na yeye akaniambia hiyo ndiyo faida. Siku ya kuonyesha mfumo tuliandaa maswali 12 ofisini, tukayajaribu mpaka yakajibika yote vizuri, ndipo tukaenda nayo. Bodi ilipiga makofi. Mama mdogo akasimama akasema, "Huyu ni mwanangu, hawezi kutuletea kitu kibovu." Walisaini shilingi milioni 14 kwa mwaka, wakalipa nusu. Kamisheni yangu 560,000 nilijazia kodi ya nyumba ya miezi sita.

Mwezi wa pili, mwanachama mmoja, mama ntilie wa Tandika, aliuliza hivi (nimeyaona maandishi yake kwa macho yangu): "nikichelewesha rejesho wiki moja kuna faini?" Mfumo ukamjibu: "Habari! Mwanachama anaruhusiwa kuchelewesha rejesho hadi siku 14 bila faini yoyote. Je, kuna kingine naweza kukusaidia?" Akashukuru. Hela ya rejesho akanunulia unga na mafuta kwa sababu bei zilikuwa zinapanda. Kumbe faini kwao inaanza siku ya tatu. Akakatwa 18,500. Alipokwenda ofisini na simu mkononi, mhasibu wa SACCOS akamwambia mashine haihusiki, katiba ndiyo inayohusika. Mama mdogo alinipigia usiku huohuo. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, kile kitu kinajua au hakijui?"

Nilimuuliza mwenzangu mmoja wa programu tukiwa tunakula. Akaniambia mfumo haujaunganishwa kabisa na leja yao, yaani daftari la hesabu za wanachama. Ulipewa sera ya mikopo na katiba, kurasa 46 zilizopigwa picha kwa simu. Ukurasa wa 31 una muhuri uliofunika aya ya faini, haisomeki. Akasema pale usiposoma kitu unajaza wenyewe. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekwambia mvua itanyesha.

Nilikwenda kwa bosi. Akasema nisiwaambie wateja mambo ya ndani, toleo jipya linakuja, kampuni zote za namna hii zinaanza hivihivi: unauza kwanza, unajenga baadaye. Si mtu mbaya. Najua tumebakiza hela ya miezi mitano na mwekezaji anataka kuona wateja. Sasa Jumatatu napeleka andiko kwa wenye maduka ya dawa, maduka tisa, na ananitaka niandike mambo mawili: kwamba usahihi wa mfumo ni asilimia 98, na kwamba modeli, ile akili ya mashine inayotunga majibu, ni yetu wenyewe. Hiyo 98 sijaona mtu akiipima. Modeli tunaikodi nje, bili inakuja kwa dola kila mwezi, mimi mwenyewe nimewahi kuiona mezani kwa mhasibu.

Nimwambie mama mdogo ukweli wote? Nikatae kuandika? Au niache kazi nirudi kuuza vifurushi? Na ile kamisheni, Mama, kila nikifungua mlango wa chumba naiona.

Binti wa Kimanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwa yule mama wa Tandika. Naanza naye, kwa sababu kwenye maswali yako manne hayumo hata moja.

Alifanya kila alichotakiwa kufanya. Hakuchelewesha rejesho kwa uzembe, aliuliza kwanza. Aliuliza mahali alipoambiwa na SACCOS yake aulize, akajibiwa kwa jina la SACCOS yake, akafuata. Mhasibu aliyemwambia mashine haihusiki amekosea, na hoja hiyo imeshafika mbele ya wasuluhishi huko duniani ikashindwa. Mwezi Februari 2024, baraza moja la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria aliyefiwa na bibi yake. Msaidizi wa mtandaoni wa shirika la ndege la Air Canada alimweleza kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba hata baada ya kusafiri, wakati utaratibu wa shirika haukuruhusu. Shirika likajitetea kana kwamba yule msaidizi ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Baraza likakataa: maneno yaliyoko kwenye tovuti yako ni yako, uwe umeyaandika kwa mkono au umeiachia mashine. Wakaamriwa kumlipa abiria zaidi ya dola 800 za Kanada. Uamuzi huo haulifungi baraza lolote la hapa kwetu, lakini nenda nao kwa huyo mhasibu, umsomee.

Kwa hiyo faini ile ifutwe. SACCOS ikiona ni hasara yake, kampuni yenu iibebe kwa barua rasmi. Na nakuomba kitu kimoja: usimpe wewe kutoka mfukoni. Najua umeshawaza hivyo, kuchukua 18,500 kwenye hela yako na kumtumia kimyakimya ili ulale. Ukifanya hivyo inageuka sadaka. Kosa linatoweka vitabuni bila kusahihishwa, na wiki ijayo mama mwingine anauliza swali lilelile.

Mama yako mdogo alikuuliza kama kile kitu kinajua au hakijui. Sijasikia swali zuri kuliko hilo kuhusu akili mnemba, na wewe unayeiuza lazima uwe na jibu lake kinywani. Jibu ni kwamba hakijui kwa namna mhasibu anavyojua. Modeli ya lugha imesoma maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiipa ukurasa wa sera unaosomeka, inaweza kukusomea na kukufafanulia vizuri ajabu. Ukiipa ukurasa wenye muhuri juu ya aya, mara nyingi haikwambii "hapa sioni". Inaandika sentensi inayofanana na sentensi za sera za mikopo za watu wengine, na siku 14 za neema ni kitu kinachoandikwa sana. Sauti haibadiliki. Ikipatia na ikikosea, inasema "Habari!" ileile. Mwenzako wa programu analijua hilo kiasi kwamba limekuwa la kawaida kwake. Bodi ya akina mama haikulijua, kwa sababu aliyekuwa na kazi ya kuwaambia ni wewe, na ulikwenda na maswali 12 uliyokwisha kuyajaribu.

Naandika hivi nikiwa na uchungu wangu. Nimeuza bima kwa miaka 17 katika jiji hilihili. Mwaka 2011 nilikuwa na mteja mwenye ghala la magodoro jirani na bonde la Msimbazi. Alikata bima ya moto. Siku ya kusaini aliniuliza, "Sasa hapa kila kitu kimo?" nami nikamjibu, "Mzee wangu, wewe lala usingizi." Nilijua mafuriko hayamo mpaka alipie nyongeza. Nilijua pia kwamba nikitaja nyongeza atasema ngoja akafikirie, na mwezi ulikuwa unaisha na mimi sijafikisha lengo. Desemba ile maji yalikuja, wakazi wa Dar wa umri wangu wanayakumbuka. Baada ya wiki akaja ofisini na hati ya bima ikiwa bado mbichi, akaitandaza juu ya meza yangu taratibu isichanike, akatafuta kwa kidole mpaka akafika kwenye neno mafuriko kwenye orodha ya visivyolipwa. Akaniuliza, "Ulijua?" Kampuni haikuwa na kosa, hati ilikuwa wazi. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na hakuna mahali popote lilipoandikwa.

Tangu siku ile nilianza kila mauzo kwa ukurasa wa visivyolipwa. Miezi ya mwanzo wengine waliondoka. Waliobaki walileta ndugu zao.

Nimekusimulia kwa sababu kazi yako na yangu zinafanana kuliko unavyodhani. Kitu unachouza hakishikiki. Mteja hawezi kukipima kwa mkono kama kitenge, hawezi kukigonga kama tikiti maji asikie kimeiva. Anachoshika ni kauli yako tu. Ndiyo maana bosi alifurahi kusikia mwenyekiti ni mama yako mdogo.

Basi twende kwenye la kufanya. Kwa mama mdogo nenda, lakini usiende nyumbani kwake Jumapili ukaongea naye jikoni. Nenda ofisini kwao, mbele ya bodi, mhasibu akiwepo. Nyumbani atakusamehe kama mtoto, halafu atabaki peke yake na siri ambayo bodi yake haiijui, na wajumbe watakuja kusema alimlinda mwanawe. Undugu ndio uliokufungulia ule mlango, kwa hiyo unakudai uwazi zaidi ya mgeni. Kabla hujaenda, mwandikie bosi ujumbe wa maandishi: nakwenda kwa mteja siku fulani kueleza kosa lililotokea na namna tunavyolirekebisha, naomba uje au unipe mtu wa programu. Mpe nafasi ya kuja. Wakubwa wengi wanaosema "usiwaambie" wanaogopa kikao, na kikao kikishapangwa wanavaa koti wanakuja. Akikataa, nenda bado. Hujatoa siri za kampuni. Umemweleza mteja kilichotokea kwenye huduma aliyoilipia. Ila ujue kwamba hapo unaweza kugombana naye, nami sitakuficha hilo.

Mbele ya bodi usianze na teknolojia. Weka mezani maneno ya yule mama na jibu alilopewa, jina lake likiwa limefichwa, kisha ukurasa wa 31. Waache wauone muhuri wenyewe. Halafu sema: "Hatukuusoma ukurasa huu vizuri, mfumo ukajaza. Niliwaambia unajua, sikupaswa kusema hivyo." Nyamaza. Wataongea wao.

Kisha leta dawa, na hapa ndipo nataka uweke nguvu zako zote. Kwanza kurasa zote 46 zichapwe upya kwa kompyuta na mhasibu wao asaini kila ukurasa. Kazi ya siku mbili kwa mtu mmoja. Ilipaswa kufanyika kabla ya makofi. Pili, deni, faini, tarehe na riba visitungwe na modeli kamwe. Mwanachama akiuliza anadaiwa kiasi gani, ama mfumo uchote namba kwenye leja ukiwa umeunganishwa, ama useme, "Swali hili linajibiwa na mhasibu, namuita." Inawezekana, muulize huyo mwenzako wa kwenye chakula. Wala halitaushusha hadhi mfumo wenu. Hata karani mzuri wa benki huinuka akaenda kumuuliza mkubwa wake.

Tatu ni jaribio, na jaribio ni kazi yako, usiwaachie watu wa programu. Kaa siku mbili kwenye benchi la ofisi ya SACCOS, siku za marejesho, uandike maswali kama yanavyotoka vinywani. Hutasikia mtu akisema "naomba kufahamu salio la mkopo wangu". Utasikia "dada nimebakiza ngapi", "mdhamini wangu amehamia Morogoro itakuwaje", "hisa zangu naweza kuzikopea", "mbona mwezi huu mmenikata mara mbili". Wengine watatuma sauti badala ya kuandika, kuna kelele za daladala nyuma. Wengine wataandika "rjesho". Chukua maswali 100 ya namna hiyo. Yaingize kwenye mfumo, chapa majibu, mpe mhasibu kalamu nyekundu. Apate safu tatu: sahihi, si sahihi, ulipaswa kumuita mtu. Hiyo safu ya pili msiijumlishe tu, isomeni moja moja, kwa sababu kukosea saa za kufungua ofisi na kukosea faini si uzito mmoja. Mkimaliza utakuwa na namba yako ya kweli. Pengine ni 71. Pengine ni 88. Yoyote itakayokuwa, ni ya kwenu, mnajua imetoka wapi, na mwezi ujao mnaweza kuipima tena.

Maana ile 98 ya bosi wako, binti yangu, ni asilimia ya nini? Maswali ya nani? Nani alisahihisha? Mfamasia yeyote makini atakuuliza hayo Jumatatu ndani ya dakika tano. Usiiandike. Hapa sikupi nafasi ya kujadiliana. Ungekuwa unauza kwa duka la viatu ningekuambia ni vibaya. Kwa maduka ya dawa ni hatari. Mama mwenye mtoto mwenye homa anauliza saa nane usiku ampe dawa kiasi gani, mfumo unajaza kama ulivyojaza ukurasa wa 31, na andiko lenye jina lako linasema amini. Andika kwamba mfumo utajibu habari za maduka: yapo wapi, yanafungua saa ngapi, dawa fulani ipo au haipo kama wataunganisha stoo yao, na kwamba swali lolote la dozi, la mjamzito au la kuchanganya dawa linapelekwa kwa mfamasia bila kujibiwa. Halafu omba jaribio la kulipia la mwezi mmoja katika maduka mawili. Andiko la namna hiyo ni fupi, na mwenye duka anaona kabisa kwamba umeshawaza kitu kinachomnyima usingizi.

Na sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara. Sheria ya Mikataba nayo inampa aliyesaini kwa kudanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Bosi anayetafuta wateja wa kumwonyesha mwekezaji hataki mikataba inayoweza kuvunjika mwekezaji akiwa mlangoni.

Kuhusu "modeli yetu wenyewe", sielewi kwa nini vijana wetu wanaona aibu kukodi. Mwenye duka la vitenge Kariakoo hana kiwanda cha vitenge. Anajua kuchagua, anajua mteja wa Mbagala anapenda nini, anakukatia kwa kipimo cha haki. Thamani yenu iko kwenye kuielewa SACCOS ya Temeke kuliko anavyoielewa mtu yeyote aliyeko California. Lakini kukodi kuna mambo mawili ambayo lazima mteja ayajue. Moja, maneno ya wanachama wake, pamoja na madeni yao, yanasafiri mpaka kwenye kompyuta za nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti ya kuhamisha taarifa za watu nje ya nchi, na inawataka wanaozikusanya na kuzichakata wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize bosi kama mmesajiliwa. Waulize na SACCOS. Ukiambiwa "tunashughulikia", uliza cheti kinatoka lini.

La pili linaihusu mifuko yenu, na nahisi hakuna aliyelipiga hesabu. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani ya nchi, kwa hiyo mteja anakulipa shilingi, ilhali bili ya modeli inakuja kwa dola. Tena modeli hizi zinatoza kwa vipande vya maneno, na neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza. "Hawajanirejeshea" peke yake huliwa kipande kwa kipande. Wanachama 640 wakizoea kuuliza kila siku, milioni 14 zenu zinabaki ngapi? Kaa na mhasibu wenu, mpige mazungumzo mamoja yanagharimu shilingi ngapi leo, na dola ikipanda yatagharimu ngapi. Mtu wa maendeleo ya biashara asiyejua gharama ya kitu anachouza anamsaidia bosi kufilisika akiwa anampigia makofi.

Bosi wako umesema si mtu mbaya, nami nakuamini. Miezi mitano ya hela na mishahara ya watu kumi ni mzigo unaoweza kumfanya mtu mwema aseme "uza kwanza". Usiende kwake na machozi wala na maneno ya dini. Nenda na karatasi moja: milioni 7 za SACCOS ambazo hazijalipwa na zinaweza zisilipwe, jaribio la maswali 100 na tarehe lini linaisha, andiko la maduka ya dawa kama ulivyoliandika wewe. Mwambie mwekezaji akiuliza usahihi, safu tatu zilizosahihishwa na mhasibu wa SACCOS kwa kalamu nyekundu zitamtosha kuliko namba isiyo na mwenyewe.

Kuacha kazi, wiki hii hapana. Una jambo la kulimalizia na umelianzisha wewe. Ila jiwekee alama. Akiandika 98 mwenyewe na kukutaka usaini, au akikuzuia kurekebisha jibu linaloendelea kuwaumiza watu, hapo toka, na utoke vizuri: kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ya kisheria ni siku 28, weka nakala ya mkataba wako na ya ule ujumbe uliomwandikia, angalia michango yako ya NSSF imeingia. Akikufukuza kwa sababu umesema ukweli, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, usizipoteze kwa kulia. Na kurudi kuuza vifurushi si kushindwa, ingawa naona una macho ambayo kazi hii inayahitaji. Uliona muhuri wa ukurasa wa 31 ukaumia. Wenzako waliuona wakaendelea kula.

Kamisheni usirudishe. Uliifanyia kazi na nyumba ni lazima ilipiwe. Ilipie kwa zile siku mbili za kukaa kwenye benchi.

Washa simu. Mpigie mama mdogo umwambie siku ya kikao, basi, mengine ayasikie pamoja na bodi. Na yule mama wa Tandika usimtumie ujumbe. Nenda kwake asubuhi mapema, kabla wateja wa chai hawajajaa, umweleze barua ya kufutiwa faini inafuata, umwombe akupe swali jingine lolote aliloogopa kuuliza. Hilo liwe la kwanza kwenye yale mia.